Nani? Mimi: Anwani ya Maunzi Inayoghushiwa na Kazi Yetu ya Kuchunguza Mitandao

Maneno haya niliyasema Jumamosi asubuhi mbele ya mafundi wa mitandao wa Arusha na Moshi, katika ukumbi wa chuo kimoja hapa Arusha. Baadhi ya walioalikwa hawakuweza kufika, hasa wanaohudumia kambi za watalii, kwa sababu msimu umewabana. Nayaweka hapa yote kama yalivyosemwa, ila michoro iliyoonyeshwa ukutani nimeiacha.

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, mafundi wenzangu mliotoka Moshi alfajiri ili kuwahi, nanyi vijana wa mwaka wa mwisho mliojaa viti vya nyuma: Bwana Yesu asifiwe, asalaam aleikum, habari za asubuhi.

Mtu akipiga hodi nyumbani kwako saa mbili usiku, unauliza, "Nani?" Naye anajibu, "Mimi." Sote tumewahi kujibu hivyo, na sote tumewahi kufunguliwa mlango kwa jibu hilo. Lakini jibu lenyewe limesema nini? Halijasema kitu. Kilichofungua mlango ni sauti, ambayo mwenye nyumba anaifahamu tangu siku nyingi. Sasa iondoeni ile sauti. Chukulieni kwamba neno "mimi" limeandikwa kwenye kipande cha karatasi na kupitishwa chini ya mlango. Je, ungefungua? Mitandao tunayoijenga katika mji huu, ya hoteli, ya shule, ya SACCOS, ya maduka yanayozunguka Soko Kuu, inafungua kila siku, tena bila kusita.

Karatasi hiyo ndiyo anwani ya maunzi, ile ambayo wengi wetu tunaiita anwani ya MAC. Ina biti 48, nasi huiandika kwa herufi na tarakimu 12. Sita za kwanza kwa kawaida hutaja kiwanda, kwa mgawo unaotolewa na taasisi ya IEEE, na sita za mwisho kiwanda hujipangia chenyewe. Wateja wengi huniuliza kama hiyo si sawa na IMEI ya simu. Hapana, si sawa. Mnakumbuka tarehe 16 Juni 2016, simu feki zilipozimwa nchini? Hilo liliwezekana kwa sababu namba ya IMEI, yenye tarakimu 15, inalinganishwa na rejista kuu iliyo chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini. Anwani ya MAC haina rejista ya namna hiyo. Hakuna anayeulizwa popote kama anwani hii ni ya kifaa hiki kweli. Kifaa kinasema, nasi tunapokea.

Nimesikia mafundi wakisema kwamba anwani hii "imechomwa" ndani ya kadi ya mtandao na kwa hiyo haibadiliki. Ni kweli kwamba kiwanda huiandika kwenye kumbukumbu ya kadi. Lakini kompyuta inapowaka, programu inayoendesha kadi huisoma namba hiyo, na kuanzia hapo inayoandikwa kwenye kila fremu, yaani kila kifurushi cha data kinachotumwa, ni ile ambayo programu imeamua kuiandika. Katika Linux ni amri moja fupi. Tena uwezo huo haukuingia kwa bahati mbaya: mitandao ya DECnet ya zamani ilikuwa ikibadilisha anwani ya kadi kwa makusudi ili kazi yake iende, na leo kila kompyuta pepe tunayoianzisha kwenye seva hupewa anwani ambayo haijawahi kugusa kiwanda chochote.

Toeni simu zenu. Naam, sasa hivi, wote. Fungueni mipangilio, ingieni kwenye mtandao wa Wi-Fi wa ukumbi huu, mtafute anwani ya MAC. Itazameni herufi ya pili kutoka kushoto. Mwenye 2, 6, A au E anyooshe mkono.

Tazameni wenyewe jinsi mikono ilivyo mingi. Ninyi mlionyoosha, simu zenu zimejitungia jina kwa ajili ya ukumbi huu. Herufi hiyo ya pili inabeba biti inayosema kwamba anwani imepangwa hapa hapa na haikutoka kiwandani. Simu za Android zimekuwa zikifanya hivyo kwa kawaida tangu toleo la 10 la mwaka 2019, na iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020, ili mwenye duka au hoteli asiweze kumfuatilia mtu kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Ni jambo jema, na linalinda watu. Kwa hiyo nisieleweke kwamba kubadilisha anwani ni uovu. Ninachosema ni kwamba ukumbi mzima umeketi hapa na majina ya kujitungia mfukoni, na bado kesho kuna fundi atakayefunga ofisi ya mtu kwa orodha ya majina hayo hayo na kumwambia mteja kwamba yuko salama.

Fundi huyo nimewahi kuwa mimi.

Kulikuwa na hoteli moja nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya kwenda Usa River. Nilikuwa nimeweka Wi-Fi ya wafanyakazi yenye nenosiri moja kwa wote, na juu yake orodha ya anwani 31 zinazoruhusiwa, ambazo nilizichapa moja moja kwa mkono. Niliiamini sana orodha ile. Nilijua nenosiri limevuja, kwa sababu lilikuwa limeandikwa ukutani jikoni, lakini nilijiambia kwamba orodha itazuia. Baada ya miezi kadhaa mhasibu wao, mama mmoja mpole sana, akaanza kunipigia simu: kila jioni kuanzia saa moja kompyuta yake inakatika mtandao, inarudi, inakatika tena. Nilibadilisha waya. Nikabadilisha kifaa cha Wi-Fi cha ofisini kwake. Mteja alilipa, na tatizo likabaki palepale.

Jioni moja nikaamua kuketi naye mpaka likatokea. Nilifungua kumbukumbu za swichi, kile kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao kwenye matundu yaitwayo poti, nikaona mistari ikishuka mmoja baada ya mwingine: anwani ile ile, ya kompyuta ya mama yule, imehama kutoka poti ya 4 kwenda poti ya 17, sekunde chache, imerudi poti ya 4, sekunde chache, poti ya 17 tena. Poti ya 4 ilikuwa inalisha ofisi tuliyokuwa tumeketi. Poti ya 17 ilikuwa inalisha Wi-Fi ya upande wa uzio wa nyuma. Kompyuta ilikuwa mezani mbele yangu, mama ameishika kwa mikono miwili. Ingewezaje kuwa kwenye uzio?

Haikuwa kwenye uzio. Nyuma ya uzio kulikuwa na kijana wa jirani aliyekuwa na nenosiri la jikoni, akakataliwa na orodha, kisha akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye programu ya bure anaweza kufanya: akasikiliza hewani ni nani anayekubaliwa, akachukua jina lake. Wi-Fi husimba kilichomo ndani ya fremu, lakini anwani za mtumaji na mpokeaji hupita wazi, hata kwenye mtandao wenye nenosiri madhubuti. Orodha yangu ya anwani 31 ilikuwa inatangazwa hewani kutwa kucha na hao hao walioandikwa ndani yake. Kijana alitaka kutazama mpira tu, na hakugusa fedha ya mtu. Lakini alikuwa kwenye mtandao mmoja na hesabu zote za hoteli, akitumia jina la mhasibu, na mimi ndiye niliyempa mama wa watu hakikisho kwamba haiwezekani.

Ni kauli, ndugu zangu. Anwani ya maunzi ni kauli, si ushahidi.

Mtauliza: waliobuni haya walikuwa wazembe? Hapana. Ethernet ilizaliwa mwaka 1973 katika maabara ya Xerox kule Palo Alto, mikononi mwa Robert Metcalfe na David Boggs, kwa ajili ya kuunganisha kompyuta za watu waliokuwa wakifanya kazi pamoja. Itifaki ya ARP, ambayo David Plummer aliiandika mwaka 1982 ili kompyuta yenye namba ya IP ya mwenzake ipate anwani yake ya maunzi, ni mazungumzo yale yale ya mlangoni. Kompyuta inatangaza kwa wote: "Nani mwenye 192.168.1.1?" Na yeyote anayejibu "mimi, anwani yangu ni hii" anaaminiwa papo hapo. Baina ya wanaofahamiana, "mimi" inatosha. Sisi ndio tulioutoa utaratibu huo ndani ya nyumba ya ndugu, tukaupeleka kwenye hoteli inayopokea wageni wapya kila siku.

Sasa nije kwenye kazi yetu yenyewe, ya kuchunguza mitandao. Wengi wetu tunatumia Nmap, programu ambayo Gordon Lyon aliitoa kwa umma Septemba 1997 na bado anaitunza. Unapoielekeza kwenye mtandao wa ndani ukiwa na mamlaka ya msimamizi, hupiga hodi kwa ARP, hukusanya majibu, na kando ya kila anwani hukuandikia jina la kiwanda. Jina hilo la kiwanda ndilo linalotuponza. Linaonekana kama taarifa iliyothibitishwa, kumbe Nmap imesoma zile herufi sita za mwanzo na kuzitafuta kwenye orodha yake, basi.

Kuna ofisi moja ya Moshi niliyoichunguza ikiwa na vifaa 42. Kimoja, ambacho namba yake ya IP iliishia na 57, kilikuja na jina la kiwanda cha printa. Nikaandika "printa" kwenye ripoti, nikaendelea. Miezi mitatu baadaye nilirudi na mwenzangu, kijana makini kuliko mimi, akaniuliza, "Kaka, hiyo printa iko chumba gani? Nataka kuchapa karatasi ya majaribio." Tulizunguka vyumba vyote na hatukuiona. Tukarudi kwenye kompyuta tukatazama poti zake kwa utulivu; hapa si matundu ya swichi, bali namba za milango ambayo huduma za kifaa husikiliza. Printa ya mtandao kwa kawaida hufungua poti ya 9100, au 631, au 515. Hii haikuwa na hata moja kati ya hizo. Iliyokuwa wazi ni poti ya 22 peke yake, ambayo hutumika kuingia na kuendesha kompyuta kwa mbali. Tukaufuata waya juu ya dari, tukakuta kikompyuta cha ukubwa wa kitambulisho cha NIDA kimefungwa kwa tepu nyeusi nyuma ya nguzo. Kilikuwa kimevaa anwani ya printa ya zamani iliyokwisha kuondolewa, ambayo hakuna aliyekumbuka kuifuta kwenye orodha ya swichi. Aliyekiweka alikuwa fundi aliyemaliza mkataba wake, na alikuwa amejiachia mlango.

Nmap haikunidanganya. Iliniambia ilichoambiwa. Mimi ndiye niliyekigeuza kisemwacho kuwa kilichopo. Tangu siku hiyo, ripoti zangu hutenga safu mbili: kifaa kinajiita nani, na mwenendo wake unaonyesha ni nani. Poti zilizo wazi, majibu ya huduma zenyewe, mfumo wa uendeshaji unaokisiwa, na waya ulikoishia. Safu hizo mbili zikipingana, hapo ndipo kazi inapoanza.

Je, sisi wachunguzi tughushi anwani? Ndiyo, lazima tujaribu. Mteja akisema mtandao wake umefungwa kwa anwani za MAC, njia pekee ya kumwonyesha ukweli ni kuvaa anwani iliyoruhusiwa na kuingia mbele ya macho yake. Nmap ina amri ya --spoof-mac kwa ajili hiyo: ukiipa 0 hujitungia anwani ya kubahatisha, ukiipa jina la kiwanda huchukua herufi za kiwanda hicho, na ukiipa anwani kamili huitumia kama ilivyo. Lakini nawasihi, jueni inavyofanya kazi kabla ya kuitumia, kwa sababu asiyeijua hupotosha mteja wake.

Kijana mmoja niliyemfundisha aliniletea ripoti kwa furaha: amechunguza ofisi nzima kwa anwani ya kughushi na hakukuta kifaa hata kimoja. Ofisi ilikuwa na watu 20 na kila mmoja na kompyuta! Nikamuuliza, "Ulikuwa kwenye waya au kwenye Wi-Fi?" Alikuwa kwenye Wi-Fi. Kwenye waya, swichi huona anwani mpya ikitokea kwenye poti yako, hujifunza kwamba iko hapo, na majibu hukufikia. Kwenye Wi-Fi, kifaa cha Wi-Fi kilikusajili kwa anwani fulani wakati unajiunga. Ukianza kutuma fremu kwa jina jingine katikati ya safari, hakikufahamu, na fremu zako hutupwa. Unayetaka kujaribu kwenye Wi-Fi, badilisha anwani ya kadi yenyewe kwanza, ndipo ujiunge. Fikirieni ripoti ile ingemfikia mkurugenzi: mtandao hauna kifaa, kwa hiyo hauna hatari.

Liko jambo jingine ambalo wanaolinda mitandao watalifurahia. Amri hiyo hugusa pakiti ambazo Nmap inazitunga yenyewe tu. Ukiiongezea kazi ya kutambua matoleo ya huduma, au kuendesha skripti zake, hapo mfumo wa uendeshaji ndio unaozungumza, nao huzungumza kwa anwani yake ya kweli. Kwa hiyo mchunguzi mmoja huonekana kwenye swichi na majina mawili kutoka poti moja. Mkiona hivyo kwenye kumbukumbu zenu, nendeni mkautazame waya huo. Tena, nanyi vijana mnaodhani kughushi MAC kunawaficha kwenye intaneti: anwani ya maunzi haivuki ruta, kile kifaa kinachounganisha mtandao wenu na intaneti. Ikishafika hapo imeachwa. Mtu wa Dar es Salaam haioni, wala hakuihitaji ili akupate.

Nataka sasa niseme kwa uzito kuhusu idhini. Mwaka 2010, katika chuo cha MIT kule Marekani, kijana aitwaye Aaron Swartz alikuwa akipakua makala za kitaaluma kwa wingi kutoka hifadhi ya JSTOR. Chuo kikaizuia kompyuta yake kwa anwani ya MAC. Kwa mujibu wa hati ya mashtaka, alibadilisha herufi moja tu, ya mwisho kabisa, kutoka b kwenda c, na akaendelea. Herufi moja! Kama ushahidi wa jinsi kizuizi hicho kilivyo dhaifu, hatuhitaji kingine. Lakini herufi hiyo hiyo iliandikwa na waendesha mashtaka wa serikali kuu kama moja ya hatua za kosa. Alishtakiwa mwaka 2011, na Januari 2013, kesi ikiwa bado haijasikilizwa, alijiua akiwa na miaka 26. Mimi naamini adhabu aliyotishiwa ilikuwa kubwa kupita kiasi, na nawasimulia kwa huzuni. Kitendo ambacho kwenye skrini ni herufi moja, mbele ya sheria kinaweza kuwa maisha ya mtu.

Kwetu ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo, nayo inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini. Haikuulizi kama nia yako ilikuwa kujifunza. Kwa hiyo kabla sijafungua kompyuta kwa mteja, nina karatasi iliyosainiwa na mwenye mamlaka, inayotaja majengo gani, siku gani, saa ngapi hadi saa ngapi, na anwani gani nitazighushi, zimeandikwa herufi kwa herufi. Ndiyo, herufi kwa herufi. Kazi ikiisha, mtu wa zamu anayeona jambo la ajabu kwenye kumbukumbu zake aweze kutofautisha lililo langu na lisilo langu. Niliwahi kuipuuza sehemu hiyo ya mwisho: nikachomeka waya kwenye SACCOS moja, swichi ikaona anwani ngeni, ikaizima poti, na kwa kuwa dirisha la malipo lilikuwa linapita kwenye poti hiyo hiyo, wazee waliokuja kuchukua fedha zao walisimama kwenye foleni dakika 40 wakisubiri msimamizi aiwashe. Hakuna ripoti nzuri inayofuta dakika hizo.

Basi milango tuifunge kwa nini? Pale mteja anapoweza, tumieni utaratibu wa 802.1X, ambapo kila kompyuta huonyesha cheti chake cha kidijitali kabla poti haijafunguka. Hapo ndipo tunairudisha ile sauti ya mlangoni. Hoteli ndogo isiyoweza, mpeni kila mfanyakazi nenosiri lake, na mtandao wa wageni uwe mbali kabisa na wa hesabu. Kamera na printa nyingi haziwezi vyeti. Zitengeeni VLAN yao, yaani mtandao uliotengwa ndani ya swichi zile zile, isiyofika popote zaidi ya inapohitajika, ili anayevaa jina la printa apate kile tu ambacho printa ingepata. Swichi nyingi mnazonunua sasa zina uwezo wa kukagua majibu ya ARP na kuyalinganisha na namba zilizogawiwa kweli, lakini uwezo huo huja umezimwa, nami nimekuta umezimwa karibu kila ninakokwenda. Uwasheni. Na ile orodha ya anwani za MAC msiitupe. Itunzeni kama daftari la mali, la kujua nini kinatakiwa kuwepo, na swichi iwatumie ujumbe kila anwani inapohama poti bila sababu.

Hoteli ile ya barabara ya Usa River niliirekebisha kwa gharama yangu, na mama mhasibu sasa ana nenosiri lake peke yake. Orodha ya anwani 31 bado ipo, lakini haifungui mlango wowote.

Pale nyuma, kwenye meza ya kando ya dirisha, nimeweka swichi moja na kompyuta tatu, na msimamizi wa chuo ametupa idhini ya maandishi, imebandikwa hapo. Baada ya chai, kompyuta ya pili itachukua anwani ya kwanza, na ya tatu itakuwa inaonyesha kumbukumbu za swichi. Njooni watano watano, mwione mstari ukiandikwa anwani inapohama.